Kabla Hatujasema Kadi Imekufa

Somo letu la leo lamfaa kila mtu anayenunua au kupewa kifaa cha kompyuta kilichokwisha kutumika. Tutajifunza namna ya kutafuta kasoro ya kadi ya michoro ambayo kompyuta haiioni. Lakini kwanza yanipasa kuwaeleza jinsi mimi mwenyewe nilivyojifunza somo hili kwa aibu.

Chama chetu cha Kompyuta hapa Bulembia kilikuwa kimeanza kuchora ramani ya bonde la Mto Nyamwamba, ramani inayoonyesha vilima na mabonde kama mtu ayaonavyo kwa macho. Sababu ya kazi hiyo yajulikana kwa kila mwenyeji. Tarehe 1 Mei 2013 mto ulifurika, ukabomoa nyumba na kuiharibu Hospitali ya Kilembe. Ulifurika tena mwaka 2014, na tena Mei 2020. Tulitaka wadogo zetu waone maji hushukia wapi kwa nguvu, na wapi pa kukimbilia. Lakini kompyuta yetu ni ya zamani, ya kazi za ofisini, na kila tulipoigeuza ramani ilikwama. Ndipo kaka yetu mmoja, mwanafunzi wa zamani, alipotuletea kutoka Kampala kadi ya michoro aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe.

Tuliipachika, tukawasha. Kompyuta ikawaka kama kawaida, lakini jina la kadi halikuonekana po pote. Kwa siku mbili tulipakua draiva hii na hii, hata fedha za intaneti zikaisha. Siku ya tatu wengine wakasema kaka yetu ametupa takataka, na ya kuwa aliyemwuzia ni mwizi. Mimi ndimi niliyechaguliwa kumwandikia barua ya malalamiko, nami nikaiandika. Nashukuru kwamba sikuituma siku ile.

Kadi inasemaje na kompyuta?

Kazi ya kadi ya michoro ni kuhesabu rangi ya kila nukta ya picha. Monita ya kawaida ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni mbili, na picha hubadilishwa mara 60 kila sekunde. Hiyo ni kazi kubwa, ndiyo maana imepewa kadi yake.

Mara kompyuta inapowashwa, ubao mama huuliza katika kila sloti: “Nani yupo?” Kadi iliyo nzima hujibu kwa namba ya kiwanda chake. Za NVIDIA hujibu 10DE, za AMD 1002, na vifaa vya Intel 8086. Jambo hili hutendeka kabla Windows au Linux haijaamka.

Draiva huja baadaye. Draiva ni kama mkalimani katika soko la Mpondwe. Akiwapo mgeni kutoka Kongo asiyejua lugha ya muuzaji, mkalimani atasaidia. Lakini mkalimani hana kazi ikiwa mgeni mwenyewe hajavuka mpaka. Hapo ndipo tulipokosea: tulikuwa tukitafuta mkalimani siku mbili, na mgeni bado hajafika.

Basi swali la kwanza ni hili: je, kadi imejibu? Katika Windows fungua Device Manager. Katika Linux andika lspci. Ukiona jina la kadi lenye alama ya manjano, au ukiona maneno Microsoft Basic Display Adapter, huenda kadi imejibu, na yafaa kutengeneza draiva. Lakini kama haionekani kabisa, achana na draiva. Kasoro iko katika umeme, au mguso, au mipango ya kompyuta, au kadi yenyewe.

Mambo sita ya kufuata

Fuata utaratibu huu, ukianza na yasiyo na gharama. Badili jambo moja tu kila mara, kisha liandike katika daftari. Ukibadili matatu pamoja na kompyuta ikapona, hutajua ni lipi lililoiponya.

La kwanza, ikalishe kadi upya. Chomoa waya wa umeme ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme mdogo wa mwilini uondoke, kisha itoe kadi na kuirudisha mpaka usikie kishikizo cha sloti kikilia. Kaza na skrubu yake.

La pili, safisha meno ya kadi. Meno hayo ni ya shaba, madini yale yale ambayo reli ilifikishwa Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya kuyachukua kutoka Kilembe. Yamepakwa dhahabu ili yasishike kutu. Yasugue taratibu kwa ufutio laini, kisha uyapanguse kwa kitambaa chenye spiriti safi, uyaache yakauke. Usitumie kisu wala msasa, kwa maana dhahabu hiyo ni nyembamba mno. Tazama pia kama sloti ina vumbi.

La tatu, tazama umeme. Sloti yenyewe haitoi zaidi ya wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ina tundu la kuongezewa: la pini sita huongeza hadi wati 75, la pini nane hadi wati 150. Tundu hilo likiwa tupu, kadi yaweza kunyamaza kama iliyokufa. Soma kibandiko cha pawa saplai ujue ina wati ngapi. Usiifungue kamwe, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

La nne, tazama waya wa monita umechomekwa wapi. Ukiwa katika tundu la ubao mama, huenda kadi inafanya kazi na wewe huoni. Na jihadhari: ziko kadi, kama P106-100 ya mwaka 2017, zilizotengenezwa kwa kuchimba sarafu za kompyuta, nazo hazina tundu la monita hata moja.

La tano, ingia katika bayosi uone kama sloti imefungwa, au kama michoro imeamriwa itoke katika ubao mama peke yake. Ukishindwa kuingia, chomoa umeme, toa betri ndogo ya volti 3 kwa dakika chache, uirudishe; mipango itarudi kama ilivyotoka kiwandani.

La sita, ipachike kadi katika kompyuta nyingine iliyo nzima. Ikijibu huko, kasoro iko kwako. Isipojibu na huko, hapo ndipo waweza kumrudia muuzaji bila kumwonea.

Neno juu ya kadi za mtumba

Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, na kadi nyingi zilizofanya kazi hiyo zikauzwa. Nyingi bado ni nzuri. Lakini nyingine zilibadilishwa bayosi na wenyewe, hata draiva huzikataa. Tena wapo wadanganyifu wanaoipa kadi ya zamani jina la kadi mpya. Programu ya GPU-Z huweza kuzigundua nyingi za namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba uione kadi ikifanya kazi.

Mwisho wa habari yetu

Sisi tulifika jambo la tatu tu. Tundu la pini sita lilikuwa wazi machoni petu siku zote, na pawa saplai yetu haikuwa na waya wa namna hiyo. Kabla ya kutoa hata shilingi moja tuliipeleka kadi kwa fundi mmoja mjini Kasese. Alipoipachika katika kompyuta yake, jina lilitokea mara moja. Basi tukatafuta pawa saplai nyingine yenye waya huo na plagi zinazolingana na ubao mama wetu, na leo ramani ya Nyamwamba inazunguka bila kukwama.

Ile barua niliichana. Niliandika nyingine ya shukrani, nikamweleza kaka yetu kila kitu, hata yale tuliyomsema. Wenzangu, ni rahisi kusema kitu kimekufa na mtu ni mwizi. Kuchungulia tundu moja ni rahisi zaidi, nasi hatukufanya. Mwenda pole hajikwai.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini draiva haiwezi kuisaidia kadi isiyojibu kabisa?
2. Kadi yenye tundu moja la pini nane yaweza kupata wati ngapi kwa jumla?
3. Kwa nini tubadili jambo moja tu kila mara?