Ukuta Kando ya Dari

Andiko: Kumbukumbu la Torati 22:8

Andiko la wiki hii ni fupi, na ukilisoma haraka utadhani linawahusu mafundi wa ujenzi peke yao. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare, na watu walikaa huko juu. Mungu akaagiza kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukuta kuzunguka dari hiyo. Asipouweka na mtu aanguke, damu inahesabiwa juu ya nyumba yake.

Ona kwamba Mungu hakungoja mtu aanguke kwanza. Wala hakumwambia mwenye nyumba awaonye wageni wawe waangalifu, basi imetosha. Alisema jenga ukuta. Leo nataka tuutazame ukuta huo kando ya jambo moja la mtaani kwetu: sigara na watoto.

1. Ukuta tayari umeandikwa

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Hata kama mtoto ametumwa na baba yake, haruhusiwi kuuziwa. Sheria hiyo pia inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya sigara 10. Kwa hivyo ile biashara ya moja moja tunayoiona kila kibanda, tena karibu na lango la shule, haina ruhusa.

2. Kwa nini moja moja ni hatari

Nilisoma mambo ya biashara chuoni. Huko tulifundishwa kwamba thamani ya mteja haihesabiwi kwa anachonunua leo, bali kwa miaka yote atakayorudi. Mtoto wa darasa la saba hawezi kununua pakiti nzima, lakini sarafu za maandazi zinatosha fegi moja. Bei ya pakiti ni ukuta, na moja moja ni pengo kwenye ukuta huo. Nikotini inashika haraka ubongo ambao bado unakua, na tumbaku huua hadi nusu ya wale wanaoendelea kuitumia. Huyo mtoto ameshakuwa mteja wa maisha, na maisha yenyewe yamefupishwa.

3. Ukuta wa mtaa mmoja unasaidia nini?

Mtu atauliza: tukifunga hapa, si wataenda kununua mtaa wa pili? Ni swali zuri. Kule Marekani, mji mdogo wa Needham, Massachusetts, uliinua umri wa kununua tumbaku hadi miaka 21 mwaka 2005, wakati miji jirani ilibaki 18. Kati ya 2006 na 2010, wanafunzi wa sekondari waliovuta sigara Needham walishuka kutoka asilimia 13 hadi 7. Miji jirani walishuka pia, lakini kutoka 15 hadi 12 tu. Watoto wangeweza kuvuka mpaka, lakini wengi hawakujisumbua. Baadaye miji mingine ilifuata, na Desemba 2019 umri wa miaka 21 ukawa sheria ya nchi nzima.

4. Zamu yetu

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya afya, leseni za biashara na udhibiti wa dawa za kulevya. Maana yake mlango wa kubisha uko karibu. Kaunti ikiita wananchi watoe maoni kuhusu mswada au bajeti, twende, tuulize maafisa wa afya ya umma ni wangapi na vibanda vya karibu na shule vinakaguliwa lini. MCA pia anasikiliza watu wanaokuja wengi.

Najua baadhi yenu mna vibanda, na hiyo ndiyo karo ya watoto wenu. Mmeniambia, "Pasta, nisipouza mimi, jirani atauza, na mteja wa sigara ndiye hununua pia mkate na maziwa." Hilo ni kweli na linauma. Ndiyo maana ukaguzi wa kaunti si adui wako. Sheria ikisimamiwa kwa wote, jirani yako naye hauzi, na mwaminifu haadhibiwi kwa uaminifu wake. Lakini kabla ya huyo mkaguzi kufika, Mungu anamuuliza kila mwenye nyumba kuhusu dari yake mwenyewe, si ya jirani.

Na wazazi, tuache kumtuma mtoto dukani kununua sigara. Ukimtuma leo, kesho anajua njia.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha nyumbani

1. Ni wapi karibu na shule zetu ukuta una pengo?
2. Ndugu mwenye kibanda akiacha moja moja, sisi tutamuunga mkono vipi? Je, tutanunua mkate kwake?
3. Nani kati yetu atafuatilia siku ya kutoa maoni kwenye kaunti na kutujulisha?