Uwezekano na Tumaini la Mshabiki

Mwaka 1979, katika mashindano ya Klabu Bingwa ya Afrika, timu ya Simba ya Dar es Salaam ilifungwa nyumbani na Mufulira Wanderers ya Zambia mabao 4 kwa 0. Katika mchezo wa marudiano, ugenini, Simba ilishinda mabao 5 kwa 0, ikasonga mbele. Tangu hapo, timu yetu yoyote inapotangulia kufungwa, mshabiki aliye na redio yake huko Buger, wilayani Karatu, hujibu wanaomcheka kwa kuwakumbusha Wazambia. Je, tumaini hilo lina kipimo?

Msomaji anaweza kulipima kwa mazao ya shambani mwake. Atie katika mfuko punje 89 za mahindi na punje 1 ya harage. Achomoe punje moja bila kutazama, airudishe, atikise mfuko, na kurudia hivyo mara 90, yaani mara moja kwa kila dakika ya mchezo. Kila harage litokapo ni bao. Timu ya namna hii hupata kwa wastani bao 1 kwa mchezo. Mfuko wa pili, uliojazwa vivyo hivyo, uwe wa wapinzani.

Hesabu inaonyesha kwamba mfuko wa kwanza utaushinda wa pili kwa tofauti ya mabao 5 au zaidi chini ya mara 2 katika michezo 1,000. Sasa tuongeze harage moja tu katika mfuko wa kwanza, na kupunguza punje moja ya mahindi. Wastani umekuwa mabao 2, lakini uwezekano wa ushindi ule umepanda hadi mara 25 hivi katika michezo 1,000. Nguvu imezidishwa kwa 2. Tumaini limezidishwa kwa zaidi ya 15! Ndiyo maana ubishi wa vijiweni juu ya mshambuliaji mmoja aliyepona goti si upuuzi kama wake zetu wanavyodai.

Lililo kosa ni kusema, "Tumefungwa vya kutosha, sasa ni zamu yetu." Mfuko haukumbuki kilichotoka jana. Wachezaji, kwa kweli, hukumbuka: timu iliyo nyuma huwapeleka walinzi mbele, nayo huongeza maharage katika mifuko yote miwili kwa pamoja.

Tena kumbukumbu ya mshabiki huchagua. Mwaka wa 1979 husimuliwa hata kwa watoto. Marudiano mengi yaliyoshindikana hayana msimuliaji. Mwezi Mei 2021, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba ilifungwa tena 4 kwa 0, safari hii na Kaizer Chiefs huko Johannesburg. Wiki moja baadaye, Dar es Salaam, ilishinda 3 kwa 0. Lilipungua bao moja la kusawazisha.