Safari yenu ya kwanza ya boti: pesa ikae kwa laini ya nani?

Mnakaa Umoja, Kayole, Donholm au Buruburu, na mmeamua mwaka huu lazima mtoke. Si kwenda ushago, si harusi ya binamu. Ni nyinyi wawili tu, na mnataka kupanda boti baharini kwa mara ya kwanza. Somo la leo ni lenu. Tutagusa bahari kidogo, lakini sehemu kubwa ni ya pesa, kwa sababu safari nyingi za namna hii hukwama kabla hata begi halijafunguliwa.

Tuanze na zile meli kubwa nyeupe zenye hoteli ndani. Ni kweli huja Mombasa na kutia nanga bandari ya Kilindini, lakini abiria wake wengi wamelipa kwa dola, miezi mingi kabla, na safari yenyewe hupita nchi kadhaa. Kama ndiyo ndoto yenu, ishikeni, ila kwa mara ya kwanza kuna kitu cha karibu na kitamu zaidi: boti ya siku moja kutoka Shimoni, Kaunti ya Kwale, karibu kilomita 80 kusini mwa Mombasa. Inatoka asubuhi, inawapeleka kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti kuogelea juu ya matumbawe, pomboo wanaweza kutokea njiani, halafu mnashuka kisiwa cha Wasini kula kaa na samaki. Wasini hakuna magari. Kwa mtu aliyezoea kelele za Outering, hiyo pekee inatosha kuwa likizo.

Upepo kwanza, tarehe baadaye

Watu wengi huchagua tarehe kwa kuangalia likizo ya kazi. Bahari haiangalii kalenda ya ofisi. Kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba kuna upepo wa kusi, na mwezi wa sita mpaka wa nane mawimbi huwa makali. Mtu wa bara anayepanda boti ndogo wakati huo anaweza kumaliza siku nzima akishikilia tumbo. Kuanzia Desemba hivi hadi Machi ni kaskazi, na maji huwa safi zaidi kwa kuangalia samaki. Katikati, Oktoba na Novemba, kuna kipindi wavuvi hukiita tanga mbili: kusi imeachia, kaskazi haijashika, na bahari mara nyingi hutulia. Mvua za vuli zinaweza kuwanyeshea kidogo, lakini hizo hazizamishi boti.

Sisi tungewashauri Novemba mwanzoni. Desemba bei za vyumba pwani hupanda, na Januari kwa mzazi yeyote wa Eastlands ni mwezi wa karo, hakuna haja ya kudanganyana.

Hesabu yenyewe

Tiketi ya Madaraka Express, daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni 6,000. Mnaweza kukata kwa *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na tiketi hubeba jina na namba ya kitambulisho. Kwa hiyo yule mtu wa mtandaoni anayesema ana “nafasi mbili zimebaki, tuma haraka” anawauzia hewa. Stesheni yenyewe iko Syokimau, na kwa mtu wa Eastlands hiyo ni bahati. Mtu wa Kikuyu ndiye wa kulalamika.

Tuseme basi bajeti yote ni 30,000: treni, chumba cha siku mbili au tatu, matatu za huko, boti, ada ya hifadhi na chakula. Mkianza kuweka mwishoni mwa Juni, mna kama wiki 20 kabla ya Novemba. Hiyo ni 1,500 kwa wiki, yaani 750 kila mmoja. Kama mmoja ana mshahara na mwingine anauza nguo Gikomba na siku zingine hapati kitu, msigawe sawa kwa sawa ili tu mwonekane wa kisasa. Gaweni kwa uwezo, lakini kila mtu aweke kitu.

Laini ya nani?

Hapa ndipo mambo huharibika, na mara nyingi hakuna mwizi. Desturi ya wapenzi wengi ni kufanya kama chama cha watu wawili: mmoja ni mweka hazina, mwingine anamtumia kila wiki. Inaonekana nadhifu. Shida ya kwanza ni Fuliza. Kama mweka hazina ana deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwa laini yake hulipa deni kwanza. Wewe umetuma 750 ya kwenda Wasini. Fuliza imekula 600 iliyokopwa Jumanne kununua unga na tokeni za stima. Mwenzako hajaiba. Lakini pesa haiko, na pengine anaona haya kukuambia ana deni. Wiki tatu hivyo, na mazungumzo ya Oktoba yanakuwa si ya bahari tena.

Hata mkipanga iende moja kwa moja kwa akaunti ya M-Shwari ya kufungia, bado lazima ipite kwa M-Pesa ya mwenye laini kabla ya kuingia huko. Deni linaikuta mlangoni.

Shida ya pili ni kwamba pesa iliyo kwa laini ya mtu ni yake. Kampuni haijui kwamba nusu ni yako. Mkikosana, hakuna wakala wala ofisi itakayokurudishia kwa kusema “tulikubaliana”. Najua wengine hujibu kwamba wao hupeana PIN, hawana siri. Upendo ni mzuri, lakini PIN haifungui tu salio. Inaweza kuchukua mkopo kwa jina lako, na mkopo usipolipwa, jina linalopelekwa CRB ni lako, si la mliyepeana PIN.

Pendekezo letu ni rahisi, na linapunguza hata ada za kutumiana. Kila mtu aweke kwa laini yake mwenyewe, na mgawane bili badala ya kuchanga pesa. Mmoja abebe treni na chumba. Mwingine abebe boti, ada ya hifadhi, chakula na nauli za huko. Kila mmoja afungie akiba yake. M-Shwari ya kufungia huchukua mwezi mmoja hadi sita, kwa hiyo wiki 20 zinatoshea. Halafu siku moja kwa wiki, Jumapili baada ya chakula tuseme, kila mtu afungue simu amwonyeshe mwenzake salio. Dakika mbili. Asiyetaka kuonyesha amejibu swali ambalo ni afadhali mlijue Agosti kuliko mkiwa Syokimau.

Na yule mwenye Fuliza aseme mapema. Kulipa deni hilo kabla ya kuanza akiba ni akili kuliko kuweka akiba huku ada ya kila siku inakimbia upande mwingine.

Kumlipa mwenye boti

Mnafika mahali pa kushika nafasi. Mwenye boti ataomba arbuni, ile pesa ya kushikilia siku yenu. Hilo ni la kawaida; hata yeye ana mafuta ya kununua. Kabla ya kutuma, pigeni simu, msiandikiane tu, na mwulize maswali haya kwa mkupuo mmoja: bei ni ya mtu mmoja au wawili? Ada ya hifadhi iko ndani? Chakula cha Wasini je? Miwani ya kuogelea na jaketi za kuokolea maisha ziko za kututosha? Na upepo ukizuia boti kutoka, arbuni inarudi au inahamishwa siku nyingine? Swali la mwisho ndilo watu husahau, na ndilo linaloleta fujo.

Akiwa na kampuni ya utalii, ana haki ya kuulizwa leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Boti nayo inapaswa kuwa imekaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Nahodha wa kweli hakasiriki akiulizwa. Anayekasirika, mwacheni na hasira zake.

Kulipa kwa Till kuna faida mbili: hamkatwi ada, na jina la biashara hutokea kabla ya pesa kutoka. Jina likiwa tofauti na mliloambiwa, simamisheni hapo hapo. Lakini Till si cheti cha uaminifu, na kwa upande mwingine manahodha wengi waaminifu wa Shimoni hutumia namba ya kawaida au Pochi la Biashara. Kwa hao, arbuni iwe ndogo. Maoni yetu ni isizidi theluthi moja ya bei, na iliyobaki mlipe mkiwa gatini mmeiona boti kwa macho. Mtu anayetaka bei yote leo, kwa boti ya miezi minne ijayo, anataka kitu kingine.

Ada ya hifadhi ni jambo tofauti. KWS haipokei pesa mkononi. Hulipwa kupitia eCitizen, na Paybill ya serikali ni 222222. Mwenye boti anaweza kuwalipia, wengi hufanya hivyo, lakini mwombe risiti yenye majina yenu. Bebeni vitambulisho, kwa sababu bei ya raia haitolewi kwa maneno matupu.

Mkikosea namba, msimpigie mliyemtumia mkianza kubembelezana kwa nusu saa. Tumeni ule ujumbe wa malipo kwa 456 mara moja, kabla hajatoa pesa. Akishaitoa au kuitumia, kurudishiwa kunakuwa kugumu.

Siku yenyewe

Kutoka stesheni ya Miritini kwenda Kusini mnaweza kuvuka Likoni, ambako abiria wa miguu hawalipi feri, au kupita barabara ya Dongo Kundu mkiwa na gari. Toeni pesa taslimu kidogo mkiwa Ukunda. Wakala wa kijiji anaweza kuwa na kibanda kizuri na asiwe na pesa ya kuwapa, na yule mama anayeuza madafu hahitaji kusubiri mtandao urudi.

Boti italipwa gatini, kabla ya kuondoka. Msiache malipo ya mwisho ya “tukirudi”, maana mkirudi mmechoka, simu ina chaji asilimia mbili, na mtandao baharini huja na kwenda.

Simu mziweke kwenye mfuko usioingiza maji, au moja ibaki chumbani. Watu huogopa kwamba simu ikianguka baharini pesa imezama nayo. Haijazama. Pesa iko kwa laini, si ndani ya kile kifaa, na bila PIN samaki hawezi kuitoa. Mkirudi mjini, mwenye laini aende na kitambulisho chake dukani kwa mtandao wake, apewe laini mpya yenye namba ile ile, na salio litakuwa pale pale. Shida ni ya jioni hiyo tu, mkiwa Shimoni na hamna pa kwenda. Ndiyo maana chakula cha usiku na nauli ya kurudi Mombasa viwe tayari kwa laini ya yule mwingine.