AKIUMWA NA NYOKA, USIFUNGE KAMBA

Msimu wa mavuno ni msimu wa furaha. Lakini kwetu sisi wa zahanati, ndio msimu wa kuletewa watu walioumwa na nyoka.

Mavuno yaliyopita kijana mmoja aliumwa na kifutu akivuna mahindi. Ndugu zake walitaka kumsaidia. Walifunga mguu kwa mpira wa baiskeli, wakakaza sana. Wakachanja kwa wembe. Wakaweka jiwe jeusi, wakangoja. Tuliletewa kesho yake. Chini ya mpira mguu ulikuwa mweusi. Tulimpeleka hospitali. Alipona, lakini mguu ulikatwa.

Sumu ya kifutu huharibu nyama ya mwili. Ukifunga kamba, damu haipiti, na nyama hufa zaidi. Ukichanja, unaongeza kidonda na damu hutoka nyingi. Jiwe jeusi haliondoi sumu.

Nyoka hufuata nini kwetu?

Nyoka hatutafuti sisi. Anamtafuta panya, na panya anatafuta chakula chetu. Kifutu hakimbii. Hulala kimya njiani, akikanyagwa huuma. Swila huingia nyumbani usiku, na huweza kumwuma mtu aliyelala sakafuni. Swila wengine hutema sumu machoni. Koboko akiuma, kope hulegea na pumzi huwa nzito.

Jinsi ya kujikinga

1. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba. Weka kuni na matofali mbali na mlango.
2. Hifadhi nafaka vizuri ili panya wasipate chakula.
3. Lala kitandani kama unacho. Chandarua kikunjwe chini ya godoro au mkeka. Kinazuia mbu, na nyoka pia.
4. Usiku tembea na tochi. Shambani vaa viatu vya kufunika mguu.
5. Usitie mkono katika shimo, kichuguu au rundo la mabua. Tumia fimbo kwanza.
6. Ukimwona nyoka porini, rudi nyuma polepole, umwache aende. Watu wengi huumwa wakijaribu kumwua au kumkamata. Nyoka wengi hawana sumu ya kutudhuru, na hutupunguzia panya.

Mtu akiumwa

1. Mwondoeni mbali na nyoka. Msimfukuze nyoka. Kumbukeni rangi na ukubwa wake, inatosha.
2. Mtulizeni. Asitembee, asikimbie.
3. Vueni pete, bangili, shanga na viatu, maana mwili utavimba.
4. Fungeni mguu au mkono kwenye ubao kwa kanga, bila kukaza, ili usichezecheze.
5. Msifunge kamba, msichanje, msinyonye, msimpe pombe.
6. Akitapika au akisinzia, mlazeni ubavu.
7. Andika saa aliyoumwa. Wewe sasa unajua kuandika. Karatasi hiyo itamsaidia mganga.
8. Mchukueni mara moja kwa machela, pikipiki au gari.

Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi. Usitie dawa ya majani. Kisha njoo zahanati.

Dawa ya kushinda sumu ni sindano maalumu. Si kila zahanati inayo. Kwa hiyo ulizeni leo, kabla ya ajali: hospitali ipi ina sindano hiyo? Nani kijijini ana pikipiki au gari? Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitia kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Sisi kijijini tusiyasahau.

Ndugu msomaji, wasomee na wasiojua kusoma. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kufunga kamba ni hatari?
2. Panya wanapata wapi chakula katika nyumba yako?
3. Mtu akiumwa usiku kijijini kwenu, mtampelekaje hospitali?