Mwinuko wa Mlima kwa Kila Upande

Ukimwuliza mtu, "Mlima huu una mwinuko kiasi gani?" yafaa naye akuulize, "Kwa kwenda upande upi?" Maana mahali pamoja pana miinuko mingi: ukiukabili mlima utatweta, ukiambaa ubavuni utatembea kama uwanjani. Kalkulasi ina kanuni ya jambo hili, nami nitaieleza kwa mfano.

Tuseme tumesimama katika shamba la mlimani. Kwa kila mita 10 za kwenda mashariki, zikipimwa kwenye ramani, twapanda mita 3. Kwa kila mita 10 za kaskazini twapanda mita 4. Basi miinuko yetu ni 0.3 na 0.4. Hiyo miwili yatosha kutupa mwinuko wa upande wowote, maadamu hatuendi mbali, kwa sababu kipande kidogo cha mlima ni kama ubao ulioinamishwa.

Twende mita 3 mashariki na mita 4 kaskazini. Twapanda 3 × 0.3 + 4 × 0.4 = mita 2.5. Lakini kwa kanuni ya Pythagoras njia ya mkato ni mita 5, si 7. Basi mwinuko ni 2.5 ÷ 5 = 0.5. Asiyegawanya kwa urefu wa njia hupata jibu la uongo.

Huo ndio mwinuko mkali kuliko yote, na maji ya mvua hukimbilia kinyume chake. Kwa upande mwingine, zidisha 0.5 kwa kosaini ya pembe iliyo kati ya upande huo na ule mkali. Pembe ikiwa nyuzi 60, mwinuko ni 0.25, ikiwa 90, ni sifuri.

Sasa twende mita 4 mashariki na 3 kusini: 4 × 0.3 − 3 × 0.4 = 0. Hapana kupanda wala kushuka. Huko ndiko kwa kuelekeza matuta, ili ardhi inywe maji. Tuta linalofuata mteremko ni mfereji wa kupoteza udongo.

Wachagga wa Kilimanjaro huchimba mifongo ya maji ikiambaa ubavu wa mlima, yenye mteremko mdogo tu. Katika shamba letu, mteremko wa 0.01 wataka tugeuke kama nyuzi 1 tu kutoka upande wa sifuri. Wazee waliyajua hayo kwa macho na mikono. Hesabu yatuonyesha sababu.

Msomaji, jaribu: mita 4 mashariki na 3 kaskazini, mwinuko ni ngapi? Ukipata 0.48, umeelewa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne