Ioni na Utando wa Kaboni: Jinsi Mpango wa Atomu Unavyovurugwa

Makaa ya mawe yachimbwayo Kiwira, kusini mwa Mbeya, ncha nyeusi ya penseli ya mwanafunzi, na almasi ya Mwadui vina asili moja, nayo ni kaboni. Makaa ya mawe yana mchanganyiko wa vitu vingine, na penseli imetiwa udongo. Lakini tofauti kubwa baina ya vitu hivi haitokani na aina ya atomu bali mpango wake.

Katika grafiti, kila atomu hushikana na jirani watatu, zikafanya matabaka bapa yaliyoachana kwa nanomita 0.335. Kani kati ya tabaka na tabaka ni hafifu. Ndiyo maana penseli huacha alama karatasini. Katika almasi kila atomu ina jirani wanne, wala hakuna tabaka la kuteleza. Grafiti hupitisha umeme, almasi haipitishi.

Utando mwembamba wa kaboni, mwembamba kuliko unywele mara mamia, huweza kubadilishwa kwa kupigwa na ioni, yaani atomu zilizopoteza au kuongeza elektroni. Kwa kuwa ioni ina chaji, volti huisukuma ndani ya ombwe kama jiwe litokalo katika teo. Ioni ya agoni iliyosukumwa kwa volti 50,000 hupata nishati ya elektroni-volti 50,000. Kuing'oa atomu ya kaboni mahali pake katika grafiti huhitaji takriban 25 tu.

Hapa kanuni ya migongano ifundishwayo shuleni yatumika barabara. Ioni yenye masi m ikiigonga uso kwa uso atomu yenye masi M, sehemu ya nishati inayohamia ni 4mM ikigawanywa kwa mraba wa (m + M). Kwa agoni (40) na kaboni (12) jibu ni 0.71, kwa hidrojeni (1) ni 0.28. Atomu iliyogongwa vema huwa risasi mpya. Kwa hesabu ya Kinchin na Pease ya mwaka 1955, atomu iliyopokea elektroni-volti 1,000 huweza kusababisha kung'oka kwa atomu zipatazo 20: 1,000 ikigawanywa kwa mara mbili ya 25.

Matokeo yake hushangaza kidogo. Grafiti ikipigwa sana, matabaka hupinda, hukatika, na mwisho mpango wote hupotea. Umeme hupita kwa shida zaidi kuliko awali. Utando unaofanana na almasi, ukipigwa vivyo hivyo, hupoteza majirani wanne na kurudia watatu; umeme sasa hupita kwa urahisi zaidi. Ioni zilezile huharibu njia ya umeme hapa, zikaifungua pale. Tena, ioni dhaifu za elektroni-volti mia moja hivi, zikitumika wakati utando unapojengwa, huusonga na kuufanya mgumu. Aisenberg na Chabot wa Marekani walionyesha mwaka 1971 kuwa ioni za kaboni zaweza kujenga utando wa namna hiyo.

Wanafunzi wengi hukosea hapa wakidhani kaboni imegeuka elementi nyingine. Sivyo: imebaki kaboni, iliyopangwa upya.

Kazi hii haifanywi na mashine peke yake. Katika mlima wa Panda, karibu na Mbeya, kuna pailokloro, madini yenye niobi. Madini ya jamii hiyo aghalabu hubeba urani au thori kidogo. Kiini kikitoa chembe ya alfa, ambayo ni ioni ya heli, chenyewe hurudi nyuma kama bunduki begani mwa mpigaji, na kurudi huko hung'oa atomu nyingi kuliko chembe ya alfa yenyewe. Baada ya mamilioni ya miaka fuwele yaweza kupoteza mpango wake wa ndani, na umbo la nje likabaki.

Atomu zilizohamishwa hubeba nishati iliyofichika, na jambo hili si la kupuuzwa. Nyutroni si ioni, lakini kila atomu ya kaboni izipigayo huenda kasi na kuvuruga nyingine. Huko Windscale, Uingereza, grafiti ya tanuri la nyuklia ilikuwa imejikusanyia nishati ya namna hiyo, na wahudumu waliipasha joto kwa makusudi ili waitoe polepole. Tarehe 10 Oktoba 1957 moto uligunduliwa katika fueli ya urani. Iodini yenye mnururisho ilisambaa, na maziwa ya mashamba ya eneo la kilomita za mraba 500 hivi yakamwagwa. Tanuri hilo na mwenzake yalifungwa.

Shule isiyo na mashine ya ioni yaweza kuanza kwa penseli laini. Mstari mnene uchorwe karatasini, kisha ukinzani wake upimwe kwa mita. Kipande cha mkaa wa miti, ambao kaboni yake haina mpango mzuri, kipimwe vivyo hivyo, na wanafunzi waulizwe kwa nini namba hizo mbili hazifanani.