Somo: Kujitolea kwa Utafiti wa Maradhi ya Kusahau



Mzee akipotea njia ya shamba alilolipanda mwenyewe, au akisahau pishi za karafuu alizokwisha kuzipokea, watu husema, "Uzee huo," na wengine humtafuta mchawi. Lakini yako maradhi ya ubongo yaitwayo dimenshia, na si kila mzee huyapata. Shirika la Afya Duniani lilikisia kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo.

Je, mambo haya huanza lini? Jawabu moja limetoka kwa watu wazima waliojitolea wakiwa na afya zao. Mwaka 1985 watumishi wa serikali mjini London, wenye miaka 35 hadi 55, walianza kuandikishwa katika utafiti uitwao Whitehall II. Walitimia watu 10,308. Walipimwa mwili mara kwa mara, na baadaye fahamu pia: mtu husomewa maneno 20, kisha huandika anayoyakumbuka.

Mwaka 2012 matokeo yalitangazwa. Katika miaka 10, uwezo wa kufikiri wa waliokuwa na miaka 45 hadi 49 ulipungua kwa 3.6 katika mia. Kupungua huko si maradhi, lakini kwatuonyesha kuwa ubongo hubadilika mtu angali na nguvu za kupanda mkarafuu. Mwaka 2018 ikadhihirika kuwa waliokuwa na presha ya 130 au zaidi walipofika miaka 50 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya dimenshia kuliko wenzao. Basi kupima presha kusingojee mvi.

Kwa nini atakiwe mzima? Kwa sababu aliyekwisha kuugua hawezi kupimwa tena alivyokuwa kabla. Na wale wa London walikuwa watu wa ofisini, si wachumaji wala waanikaji. Sisi tusipohesabiwa, tutatibiwa kwa kipimo cha wengine.

Hata hivyo, kujitolea si kujitupa. Azimio la Helsinki, lililotolewa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, lamlinda mwenye kujitolea. Akija mtafiti, mwanachama aulize haya:

1. Kitafanywa nini, na kina madhara gani? Aelezwe kwa lugha anayoifahamu kabla ya kutia saini.
2. Kibali cha kamati ya maadili kiko wapi?
3. Siri zangu zitahifadhiwaje?
4. Nikitaka kutoka, nitatoka bila ya kunyimwa matibabu?

Asipojibiwa, asitie saini. Akijibiwa vyema, na ajue kuwa huenda yeye asipate dawa yoyote. Faida yaweza kuwafikia wanawe. Nasi tuliochuma mikarafuu iliyopandwa na babu zetu twaifahamu sadaka ya namna hiyo.

Katibu wa Chama